Daraja la Wakwe

Tangu asubuhi Kizalishi kilikuwa kikiozesha madaraja. Ndiyo kazi ya mtambo ule wa akili unde: ulibuni maelfu ya madaraja ya kufikirika, ukayapitishia mafuriko, tetemeko na malori ya ndizi yaliyozidisha mzigo, kisha yaliyobaki wima ukayaoanisha, yakazaa madaraja yenye nguvu za baba na wepesi wa mama. Yaliyoanguka hayakukaliwa hata matanga.

Mhandisi Atupele aliutazama mtambo wake roho mkononi. Kamati ya ujenzi ya Tukuyu isipopitisha daraja la Mto Kiwira leo, roboti wajenzi wangehamia wilaya nyingine kesho, na watoto wa ng'ambo wangeendelea kuuvuka mto kwa miguu msimu mzima wa mvua. Mwaka jana nusura mto uondoke na mmoja wao.

Taabu ilikuwa mwenyekiti. Mzee huyo, Asegelile, alikuwa baba mkwe wa Atupele, na kwa mila ya Kinyakyusa ya zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Wengi walikwishaiacha mila hiyo, lakini si Mzee Asegelile. Alikuwa rubani mstaafu wa vyombo vya anga. Alikanyaga mwezi mara kadhaa, ila sebule ya mwanawe Lwitiko hakuwahi kuikanyaga. Basi ukumbi wa mkutano ukagawanywa kwa pazia: huku mkwe na mtambo wake, kule mzee na kamati.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Kizalishi kilianza, "nimechunguza picha za daraja la zamani, kabla halijachukuliwa na mto. Watu hufika katikati, wakaona mtu anakuja, wakageuka na kutimua mbio. Nilidhani daraja linayumba, nikaliongezea zege. Kwenye majaribio wakaendelea kukimbia. Nikaongeza tena."

Kamati iliangua kicheko.

"We mtambo," alisema mjumbe mmoja, Bi Tusekile, akijifuta machozi, "hao ni wakwe wanakwepana!"

Kizalishi kikaanza kuliondoa zege.

"Basi nitatia ukuta katikati," kikasema. "Wanawake kushoto, baba wakwe kulia."

Kikaozesha upya. Kila daraja lenye ukuta likaanguka, kwa sababu upepo wa bondeni uliukamata ukuta na kulipindua daraja zima.

"Na bila ukuta?" Atupele aliunong'oneza mtambo ili mtambo uwaambie wakubwa, kama alivyozoea.

"Bila ukuta litadumu kuliko wajukuu zenu. Lakini wakwe watakutana katikati, na hilo sina kanuni yake. Amueni wenyewe."

Upande wa pili mzee alikohoa. "Tuahirishe," alisema. "Jambo la mila halina haraka."

Hapo Atupele alipandwa na hasira hata akasahau alipo. "Baba, mto hauahirishi! Watoto watavuka kesho asubuhi!"

Ukumbi ukapigwa na butwaa. Bi Tusekile alijiziba mdomo kwa kanga.

"Hiyo," mzee aliuliza taratibu, "ndiyo sauti ya mke wa Lwitiko?"

"Ndiyo, Mzee," alijibu Bi Tusekile.

"Miaka yote hii nilidhani mwanangu ameoa bubu." Kisha sauti yake ikalegea. "Ana sauti nzuri. Ondoeni ukuta. Daraja limepita."

"Na pazia, Mzee?"

Viatu vizito vikasogea. Pazia likavutwa kwa nguvu. Atupele, mhandisi mkuu wa wilaya nzima, akajikuta chini ya meza bila kujua amefikaje.

"Shikamoo, baba," alisema kutoka kule chini.

"Marahaba, mwanangu. Toka basi, unieleze hilo daraja."

Atupele alichungulia. Mzee alikuwa ameinama, mkono ameunyoosha amwinue, na macho ameyafumba kabisa.

"Tuanze hivi kwanza," alisema.