Boksi Lililouliza Jina

Kila fundi duniani akifungua kazi ya mwenzake, kitu cha kwanza ni kucheka. Ndivyo walivyo. Hata kazi ikiwa safi, atatafuta skrubu moja iliyolegea ili apate cha kutikisia kichwa. Fundi wa redio za magari tunayemzungumzia hapa, ambaye mtaa mzima ulimwita Besi, siku ile alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari, na kicheko hicho amekijutia kila siku tangu hapo.

Gari lilikuwa la mwalimu mmoja wa kike. Alikuwa amelinunua kwa mtu wiki moja kabla, likiwa na amplifaya chini ya kiti na boksi kubwa la sabufa kwenye buti, boksi la mbao nene lenye spika mbili pana kama sinia.

"Muziki upo, fundi, lakini hauna tumbo," mwalimu alieleza. "Nikiongeza sauti naziona spika zinacheza, ila besi siisikii. Ni kama mtu anafungua mdomo halafu hasemi."

"Usijali, mwalimu. Leo atasema."

Besi alianza mbali, kama ilivyokuwa kawaida yake. Fyuzi nzima. Waya wa moto mzima, na ule unaofungwa kwenye bodi ya gari umekaza sawasawa. Amplifaya haikuwa hata na joto. Likabaki boksi. Alipofungua skrubu na kuinua spika ya kwanza, harufu ilimpanda puani, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, ya maji yaliyolala na chuma chenye kutu. Alipiga chafya, akaendelea na kazi.

Akatoa betri ndogo ya rimoti, akaigusisha kwenye waya za spika ile. Ngozi nyeusi ya spika ikaruka nje, kama inavyotakiwa. Akagusisha kwenye spika ya pili. Hiyo ikaingia ndani. Waya zake zilikuwa zimegeuzwa, chanya kwa hasi, kwa hiyo spika moja ikisukuma hewa mwenzake anaivuta, na hizo mbili zinauana sauti humo humo ndani ya boksi. Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kilichomvunja mbavu ni kwamba kosa hilo lilikuwa limetunzwa kwa heshima zote: waya zimelehemiwa vizuri, zimeviringishwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa umezungushwa uzi mara saba na kufungwa fundo.

"Kazi ya nani hii?" alisema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Huyu alikosea kwa bidii!"

Jambo moja tu halikumchekesha. Alipoondoa betri, spika ya pili haikurudi mahali pake. Ilibaki imezama ndani, kama mtu aliyebana pumzi. Alipokata uzi na kuzigeuza waya, ikarudi yenyewe, taratibu, na pumzi ya ile harufu ya kisima ikamgusa usoni. Besi aliikodolea macho kidogo. Kisha akajiambia mpira wake umezeeka, akafunga skrubu.

Hakuna gari lililotoka pale bila kupitishwa na binti yake. Alikuwa na miaka minane, wanamwita Kidosho, na hakuwa anasikia tangu azaliwe. Shule zikifungwa alishinda karakana, na besi aliijua kuliko watu wote wenye masikio. Aliweka viganja vyote viwili juu ya boksi, akafumba macho, kisha akatoa maksi kwa vidole. Vidole vitatu, baba yake alirudi kazini. Vitano, mteja aliondoka na gari lake. Wengine walidhani ni mchezo wa kumfurahisha mtoto. Besi hakuwa anacheza. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa furaha yake yote, na siku ambazo watu walimpa pole kwa kuwa na mtoto asiyesikia, alikuwa hawaelewi wanazungumzia nini.

Muziki ulipowashwa, vioo vya gari vilitetemeka na mwalimu akapiga makofi. Kidosho aliweka viganja. Hakutoa kidole hata kimoja.

Besi alizima redio. Kidosho hakuondoa mikono. Akazima gari, akachomoa na ufunguo. Mtoto alibaki ameinama juu ya boksi, nyusi amezikunja, kama anayesoma mwandiko mbaya. Baba yake akamgusa bega na kumuuliza kwa mikono, maana kwao maneno yalikuwa ya mikono, "Vipi, vidole vingapi?"

"Bado anaongea," Kidosho alijibu.

"Nani?"

Mtoto akaonyesha boksi. "Anauliza jina."

Besi aliweka kiganja chake juu ya zile mbao. Zilikuwa kimya na baridi kuliko gari lililokaa juani linavyopaswa kuwa. Alipogeuka kumwambia mtoto kwamba hakuna kitu, akamkuta tayari anajibu. Jina la Kidosho kwa lugha ya mikono alipewa na mama yake akiwa mchanga: vidole viwili kugonga kifuani, mara mbili. Alikuwa analigonga juu ya boksi, mara mbili. Akatabasamu.

"Nimemwambia," alisema.

Mwalimu alishukuru, akaondoka na gari lake. Besi alisimama mlangoni akilitazama mpaka lilipokata kona, na alipoona limekwenda alipumua kwa raha. Angejua kwamba lililoondoka ni gari tu, asingepumua.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Kesho yake alasiri, jua bado kali, alikuwa amekaa akipinda pindo wakati pini zilipoanza kucheza kwenye kisahani. Zilicheza mara mbili, zikatulia. Mara mbili, zikatulia. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Baba Kidosho," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone. Ni tetemeko?"

"Gari kubwa limepita barabarani."

"Gari gani linapita mara mbili mbili?"

Na hapo ndipo alipoisikia ile harufu, ya maji yaliyolala, ikitoka chini ya mlango wa chumba cha mtoto, na alipousukuma mlango akamwona Kidosho amelala kifudifudi sakafuni, shavu limebanwa kwenye saruji, viganja vimetandazwa, na uso wake una furaha ambayo baba huyo aliwahi kuidhani ni yake peke yake. Besi alipiga magoti, akalaza sikio lake sakafuni karibu na la mwanawe, sikio lile aliloringia maisha yake yote, lililoweza kumtambulia waya uliolegea gari likiwa bado barabarani, akasikiliza, akasikiliza mpaka kijasho chembamba kikamtoka, na hakusikia lolote ila damu yake mwenyewe, huku mbele ya macho yake vumbi la sakafuni likiruka mara mbili, likitulia, likiruka mara mbili.

"Anasema nini?" akauliza kwa mikono.

"Anasema alikotoka ni baridi, tena ni giza. Anasema kwangu kuna nafasi."

Mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni alishika kinywa. Alimnyanyua mtoto, akampakata siku ile mpaka jioni, akahakikisha miguu yake haigusi chini. Kiti walichokalia kilitetemeka.

Asubuhi iliyofuata mwalimu alirudi na gari. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao tu. "Fundi, sasa halitoi kitu kabisa. Juzi liliunguruma mpaka nyumbani, jana nimewasha, boksi ni kama limekufa."

Besi alizigusa spika. Zilikuwa laini, nzima, tupu. Akakaa juu ya tairi. "Mwalimu, yule aliyekuuzia gari alisema nini kuhusu hili boksi?"

Mwalimu aliona haya. "Aliniambia redio nisikilize hivyo hivyo, boksi nisilifungue. Alisema alilitengeneza mzee mmoja fundi, anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Nilidhani ni maneno ya wauzaji tu, fundi. Nisamehe."

Nyuma ya mashine ya kusaga Besi alimkuta huyo mzee, mtu mfupi mwenye vidole vilivyoungua kwa kulehemu. Alimfungulia mlango, akaona boksi mikononi mwake, akaona uzi uliokatwa. Hakuuliza hali.

"Ulicheka," alisema.

"Nilicheka, mzee."

"Hata mimi ningecheka." Alimwonyesha kiti, akazungumza kwa kunong'ona ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. "Mteja alitaka boksi la mbao nene. Nikapata mbao za mfuniko wa kisima kimoja kilichokuwa kimefungwa. Sikuuliza kilifungwa kwa nini. Spika zilipopiga siku ya kwanza, nikasikia kwenye nyayo mtu ananiuliza jina. Mimi sikujibu, nashukuru. Nilijaribu kulichoma boksi, likakataa kushika moto. Nikamleta msomaji wa dua, mtoa majini. Alisoma siku tatu, akaniambia hawezi kumtoa asiyemsikia. Basi nikafanya ninachokijua. Yule jini hutembea kwa msukumo wa hewa. Nikageuza waya, kila akisukuma huku, kule kunavuta. Nikamnyima pumzi. Miaka kumi na moja amekaa humo amebanwa."

"Sasa ametoka, mzee."

"Kuna mtu kamtajia jina?"

Besi aliitikia kwa kichwa. Akagonga kifua chake kwa vidole viwili, mara mbili. Mzee hakuijua ishara hiyo, lakini aliuona uso wake, akainuka kutafuta begi la vifaa.

Walifanya kazi sebuleni, pembeni ya cherehani, mchana kweupe. Mzee aligeuza waya za spika ya pili, akazilehemu, akaviringisha kitambaa kipya. Wakaunganisha redio na amplifaya kwenye betri ya gari. Mpango ulikuwa mtoto aweke viganja juu ya boksi, muziki upigwe, jini avutwe arudi humo kwa njia ile ile aliyotokea, kisha mzee akaze uzi.

"Mwambie amwite," mzee alisema.

Besi alimwambia mwanawe. Ni maneno magumu kuliko yote aliyowahi kuyasema kwa mikono yake. Kidosho alimtazama, akamtazama mama yake anayelia, na kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, akaweka viganja na kugonga.

Redio ikawashwa. Pini zikaruka kisahanini, mbili, mbili, mbili, kwa haraka zaidi na zaidi, mkasi ukatembea wenyewe juu ya meza ukaanguka, ile harufu ikajaa chumbani mpaka mama akakimbilia dirisha na dirisha likagoma kufunguka, mzee akawa anazungusha uzi huku midomo yake ikihesabu, na mtoto akanyanyua kichwa ghafla, kinywa wazi, kifua kimejaa pumzi ambayo haikuwa ikitoka. Spika ya pili ikazama ndani. Ikabaki huko. Mzee akamaliza mzunguko wa saba, akafunga fundo.

Kukawa kimya. Pini zilitulia. Harufu ilikatika kama iliyozimwa kwa swichi, na dirisha likafunguka.

Kidosho alipumua. Akawatazama wote watatu, akainua mkono, akatoa vidole vitano. Mama yake alicheka kwa sauti ya kilio, akamkumbatia. Besi aliinamisha paji la uso sakafuni na kushukuru, bila kujali nani anamwona.

Mzee peke yake hakufurahi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boksi. Akakihamishia upande mwingine. Akasukuma kwa kidole ile spika iliyozama, nayo ikarudi mahali pake kwa wepesi, kama spika yoyote.

"Mwanangu," alisema taratibu, bila kumtazama Besi usoni. "Humu hamna kitu."

Besi alisogea kwa magoti mpaka kwa binti yake. Aliweka kiganja kifuani pake, pale mama alipolitia jina. Moyo ulikuwa unadunda, mdogo, wa haraka, anaoujua tangu siku alipompokea mikononi. Na katikati ya mdundo na mdundo palikuwa na mwingine, mzito, unaotokea chini zaidi, unaogonga mara mbili. Alingoja, akihesabu kama anavyohesabu kazini. Ule mzito ulikuwa unausogelea mwepesi, kidogo kidogo, ukitafuta mahali pa kukaa.

"Anasema nini sasa?" akauliza kwa mkono mmoja, wa pili hakuthubutu kuuondoa.

Kidosho alifurahi kwamba hatimaye baba yake naye anamsikia rafiki yake.

"Anasema tutacheza," alijibu. "Yeye akisukuma, mimi nivute."

Mzee aliangalia begi lake la vifaa, akalifunga. Mama, aliyekuwa nyuma ya mtoto na hakuiona mikono yake, alikuwa anauliza mtoto amesema nini, mbona hawamwambii, amesema nini. Besi alijua vizuri kinachotokea mmoja akisukuma na mwenzake akivuta, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndani ya kifua kile hapakuwa na waya wa kugeuza. Alibaki amepiga magoti, kiganja kifuani kwa mwanawe, akihesabu.