Seli Amelala Kitandani

Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Nakuru, simameni! Nawaletea penzi kuu kupita yote Bonde la Ufa. Lilianzia kwenye rundo la mitumba.

Wachuka, fundi wa nguo, alivuta mkono wa kulia wa koti la mistari iliyoinuka. Kimeli, mtafiti kutoka Njoro, shati limefungwa vifungo hadi kooni, alivuta wa kushoto.

"Boss, hilo ni la kike."

"Sitaki kulivaa, madam. Nataka mifereji yake nifundishie. Tunalaza seli shina kwenye kitanda chenye mifereji kama hii, ila midogo sana. Zinajinyoosha kuifuata. Tukiamsha jeni fulani ndani yake, zinageuka kuwa seli za neva."

"Na mimi nikilivaa nitageuka nini?"

"Mke wa mtu."

Akamnunulia.

Miezi minane ya "babe" na "sweetie" ikapita, hadi wazee wa Kimeli wakapanga kuja kujitambulisha. Wiki mbili kabla, Wachuka akishona, pini mdomoni, simu ikalia. Akasomewa ujumbe: "Seli amelala vizuri kitandani. Kesho tunamwamsha."

Selly! Jina la wasichana warefu wa kwao Kimeli! Nusura ameze pini. Akapiga.

"Selly ni nani?"

"Seli? Babe, hata wewe utapenda ukiona!"

Akakata. Siku kumi hakupokea simu. Usiku alimwota Selly: shingo ndefu, meno meupe, amevaa koti lake.

Siku ya kumi na moja akatua kwenye maabara ya Kimeli, Njoro, na gauni jekundu, viatu virefu, koti mkononi.

"Chukua koti lako, umpe Selly! Na wazee wako wasije!"

Kimeli, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamwinamisha kwenye hadubini. Nyuzi nyembamba zilikuwa zimejipanga mistari minyoofu, kama ngano iliyopandwa kwa mashine.

"Hizi ni nini?"

"Seli. Si nilikuandikia?" Akafungua simu. *Seli zimelala vizuri kitandani. Kesho tunaziamsha.*

Zimelala. Wachuka akacheka huku akilia, akavaa koti.

"Wazee waje, mpenzi. Lakini kwanza narudi nyumbani. Kuna mtu alinisomea huo ujumbe."

Mtauliza nimeyajuaje haya yote. Mimi ni mdogo wake Wachuka, niko likizo, na msomaji wa ujumbe ni mimi. Nilibadilisha silabi mbili tu. Mwalimu wa Kiswahili alituonya kwamba upatanisho wa kisarufi si mchezo, tukamcheka.

Sasa niko chini ya meza ya cherehani, na viatu virefu vimesimama mbele yangu.

"Toka. Kwa nini?"

Nilitaka iwe utani. Lakini tangu Kimeli aje, dada, hujaniuliza hata mara moja habari za shule. Wivu ulianza kwangu.