Jiwe Lililotoa Kamasi

Kulusumu alipolifuta lile jiwe sebuleni, kitambaa kilitoka na kamasi. Akakinusa. Kamasi kweli, ya mtoto mwenye mafua. Akaguna, akakitia ndooni, akaendelea na kazi. Nyumba ya watu, utauliza nini?

Jiwe lenyewe lilikuwa la sir, mwenye nyumba aliyomfanyia kazi. Tajiri akichoka kununua dhahabu hununua mawe, usinibishie. Hili lilitoka Meksiko, limechongwa na watu wa kale kabla Mzungu hajakanyaga huko: nyuso tatu kwenye bamba moja, mzee, mwanamke na mtoto, midomo minene, macho yamefumba nusu. Kila adhuhuri madam akilala, villa yote ya Al Garhoud, huku kwa Waarabu, inanyamaza, Kulusumu anabaki nalo peke yake.

Miezi ile hamu ya kumsikia mwanawe ilikuwa inamla. Alimwacha Sulaiti kule kwao Jinja kwa mdogo wake Mastula, na kila akipiga simu Mastula ana neno. "Yuko shule, dada." Au, "Amelala." Mara kaenda kwa shangazi.

Ndipo ule uso wa mtoto ulipoanza kugeuka. Mashavu yakajaa. Likatokea kovu juu ya nyusi, palepale Sulaiti alipoangukia jiko la mkaa, na adhuhuri moja, muadhini ameshanyamaza, Kulusumu akasikia nyuma yake pumzi za mtoto aliyezibwa pua, akageuka, akaona macho ya jiwe yamefumbuka, meusi, yana maji, na ile midomo ikahangaika, ikahangaika, mpaka ikaweza kusema, "Maama."

Toba! Wewe ungekimbia. Yeye alilikumbatia. Lilikuwa na joto.

Lakini hofu ilimshinda, akamwita Bibi Ghania wa nyumba ya pili, Mzanzibari wa zamani anayejua kuwasomea wenye majini. Bibi akaja na chetezo, akafukiza ubani, akasoma, kisha akaliuliza jiwe kwa sauti ya chini, "Uso huu umeutoa wapi?"

"Nimeuokota," likajibu kitoto. "Mwenyewe hautumii tena."

Bibi akatoa simu yake. "Piga kwenu, Kulusumu. Sasa hivi."

Mastula aliposikia swali hakuwa na shule tena wala shangazi. Alilia. Malaria ilishamuua Sulaiti, tangu Ramadhani. "Tulisema umalize mkataba kwanza, dada. Pasi yako ya kusafiria anayo huyo kafeel aliyekuajiri. Ungekuja na nini?"

Kulusumu akakaa sakafuni. Uchungu wa mwana, jamani, hauna mfano.

"Jini huyu hatoki jiweni mpaka umkane wewe mwenyewe," Bibi akanong'ona. "Sema, wewe si mwanangu."

"Siwezi, Bibi. Huyu ndiye niliyebaki naye."

"Akikaa, binti yangu, atautaka na uso wako."

Jiwe likaanza kulia. "Maama, usiniache tena."

Hiyo "tena" ilimkata maini. Akaushika ule uso kwa mikono miwili, akaupangusa machozi, akasema, "Wewe si mwanangu." Akarudia. Mara ya tatu sauti haikutoka, midomo tu ilicheza, na mashavu yakapoa viganjani mwake, kovu likafutika, likabaki jiwe la watu wa mbali.

"Mwanangu nimemkana, Bibi," akasema, "na sikumzika."

Juu, mlango ukafunguka. "Kulusumu! Yalla, chai!"

Akajifuta uso kwa mtandio. "Naam, madam," akaitika, akaenda kubandika maji.