Maboksi Yaliyobaki Stoo

Kofuli ya stoo haikuvunjwa. Inspekta aliliona hilo mapema, likamchosha kabla hata hajaanza kazi. Kwa uzoefu wake, wizi usiovunja kofuli huishia sebuleni, ndugu wakitazamana.

"Jumamosi ni uzinduzi, mwanangu," alisema mwenye nyumba, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. "Wageni niwape nini, maji?"

Kilikuwa kitabu chake cha kwanza, habari za maisha yake wodini na nyumbani. Kiinua mgongo chote alikuwa amekipeleka kiwanda cha uchapaji, nakala zote zikachapwa kwa mkupuo. Maboksi yalifika jana, yakapangwa stoo pamoja na maboksi ya madaftari ya mpangaji wake, mwalimu, aliyeagiza kiwanda hichohicho. Asubuhi mkunga akaenda kupima presha. Kurudi, stoo nyeupe.

Si nyeupe kabisa. Konstebo, aliyekuwa anatafuta alama za vidole, alivuta maboksi mawili kutoka ukutani. Yote yalibandikwa karatasi yenye jina la kitabu, kwa herufi kubwa kama za bango.

"Afande, haya ni ya kitabu. Mwizi kayaacha, kabeba hadi madaftari ya mwalimu."

Inspekta aliketi juu ya boksi moja kupumzisha miguu. Mume wa mkunga, fundi seremala, alisimama mlangoni akipangusa vumbi la mbao. Alisema alikuwa karakana nyuma ya nyumba, randa inapiga kelele, hakusikia kitu. Konstebo akaandika hivyo.

Majirani wote walimtaja mtu mmoja: mpwa wa mkunga, mwenye duka la kompyuta. Yeye ndiye aliyezipanga kurasa za kitabu kwenye kompyuta. Alitaka kiwekwe kwenye huduma ya mtandaoni inayochapa nakala moja tu pale mnunuzi anapoagiza, naye apate chochote. Mkunga alikataa. Wamama wa kliniki hawaagizi kitu mtandaoni, alisema. Wanataka kukishika, wakipekue, ndipo wapunguziwe bei.

Inspekta alimkuta kijana dukani.

"Mligombana."

"Tuligombana, ndiyo. Lakini mimi nibebe maboksi? Mgongo wenyewe huu?"

"Vitabu vikipotea, anarudi kwako kuchapisha."

"Afande, mimi nilimwambia ukweli tu. Kwangu ukitaka kubadilisha kitu, nakala ya kesho inatoka imebadilika. Kiwandani kikishatoka, kimetoka chote. Hata ba'mkubwa, mumewe, nilimjibu hivyohivyo."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Aliuliza nini?"

"Kama ukurasa unaweza kutolewa. Nikamwambia kwangu hata leo. Kiwandani, labda uchome vyote."

"Ukurasa upi?"

"Nilimsomea ule anaosifiwa. Nilidhani atafurahi."

Inspekta alirudi stoo, akafungua boksi, akautafuta ukurasa huo. Aliusoma amesimama. Kisha akazunguka nyuma, karakana, kwa hatua za mtu asiyetaka kufika.

Alimkabidhi fundi karatasi ya maelezo. "Soma, mzee, kisha utie saini."

"Miwani nimeisahau."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Inspekta hakuigusa habari hiyo. Alitazama kabati jipya lililofungwa kamba, akaomba lifunguliwe. Ndani maboksi yalipangwa juu ya vipande vya mbao yasipate unyevu, yamefunikwa blanketi. Mwizi wa namna hiyo hakuwahi kumwona.

"Umebeba na madaftari ya mwalimu, mzee."

"Maboksi yanafanana."

"Kwa asiyesoma."

Fundi alikaa kwenye gogo.

"Vipimo navijua," alisema. "Namba nazijua. Mteja akinipa barua, namwambia acha hapo, nitaisoma. Jioni mke wangu ananisomea. Miaka yote hiyo alijua yeye tu. Sasa kaandika. Jumamosi mafundi wenzangu wote wanakuja, na vijana niliowafundisha kazi." Akajipangusa uso, vumbi likazidi. "Nilisema moyoni vikipotea, atafuata njia ya kijana, ukurasa utoke kimyakimya. Nilitaka kuvichoma. Nikashindwa. Ni kitabu chake."

Mkunga alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemsikia akija.

"Nimekusifu, baba," alisema. "Nimeandika kwamba mimi ndiye macho yako."

"Ungeniambia mimi kwanza. Ndipo uwaambie watu."

Inspekta alimuuliza mkunga kama anafungua kesi.

"Kesi gani? Andika vitabu vimeonekana."

Inspekta akaandika. Halafu, bila kuombwa, akayasoma maelezo yote kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, ndipo akampa fundi kalamu. Fundi alichora saini yake polepole, kama anayepima ubao. Konstebo alianza kumrudishia mwalimu madaftari yake.

Mkunga alichukua kitabu kimoja kabatini, akakalia stuli. Akaufunua ukurasa ule, akanyoosha mkono kuomba kisu.

"Vyote hivi?" fundi aliuliza.

"Vyote."

Alianza kukata. Fundi alimwangalia kidogo, akamshika kiganja.

"Usifike kwenye uzi wa mshono. Acha ukingo. Ukikata yote, karatasi mwenzake ya upande wa pili itachomoka."

"Basi nishikie rula," alisema mkunga.

Fundi akasogeza gogo lake karibu.