Muulizeni Tahnee

Ijumaa ile soko la samaki la Sydney lilifurika mpaka mlangoni. Tahnee alifika akiwa ametoka zamu ya asubuhi, bado amevaa sare ya udereva wa tramu: suruali ya buluu yenye mkunjo wa pasi, shati jeupe, na herini za simbi ambazo msimamizi wake alishamkataza mara tatu. Bibi yake alikuwa ameagiza mikizi wenye mayai, na bibi yake hakuwa mtu wa kuletewa visingizio.

Juu ya barafu walikuwa wamebaki wawili. Tahnee akamshika mmoja mkia. Papo hapo mkono mwingine ukamshika samaki yuleyule kichwa.

"Dada, huyu wangu," alisema mwenye mkono.

"Wako, umemzaa?"

"Nimeshika kichwa."

"Samaki huanza kuoza kichwani, kaka. Chukua upande wako uende."

Muuzaji alicheka mpaka akaweka kisu chini. Tahnee akainua macho. Alimwona mwanamume mrefu mwenye sharubu zilizochongwa vizuri, sweta la kijani kibichi lililotoka nyuzi kiwikoni, na miwani aliyoisahau juu ya nywele. Akaona haya kidogo, na hilo likamuudhi.

"Ni wa mama yangu," alijieleza yule bwana. "Pasaka yetu Wakopti wa Misri ikishapita tunamla aliyekaa kwenye chumvi. Anamfungia mtungini mpaka majirani waanze kutafuta nyumba nyingine."

"Mnamla ameoza?"

"Amekolea. Kuna tofauti."

"Gawaneni," alisema muuzaji, aliyekuwa na foleni ya kuhudumia. "Mmoja mmoja, na mkanywe kahawa mbele huko."

Wakagawana, na kahawa wakainywa. Yule bwana aliitwa Ramzi Girgis. Kufikia Mei walikuwa wameshazoeana kiasi cha kutaniana bila kuogopa. Ramzi alikuwa akimpigia simu kila tramu inapofika mwisho wa njia, kwa sababu hapo Tahnee alikuwa na dakika nane za kupumzika.

"Habibti, uko kituo gani?"

"Kituo cha kukukatia simu."

"Hicho hakimo kwenye ramani."

"Nimekijenga mwenyewe, Bwana Mkizi."

Ramzi alikuwa mhariri wa filamu. Mwaka ule alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: mfululizo wa vipindi sita juu ya historia ya hifadhi za taifa, wa kuonyeshwa nchi nzima. Siku Tahnee alipomuuliza kazi ya mhariri ni nini hasa, alijibu, "Kukata."

"Kukata nini?"

"Watu, mara nyingi."

Walicheka wote wawili. Baadaye Tahnee aliikumbuka kauli ile bila kicheko chochote.

Kipindi cha tatu kilihusu hifadhi ya kusini mwa jiji, yenye ghuba ndogo ambayo watu wa mjini huipiga picha kila Jumapili. Ramzi alipoitaja, Tahnee akaweka kijiko mezani.

"Bibi yangu kazaliwa ghuba hiyo."

"Ndani ya hifadhi?"

"Hifadhi ndiyo iliyomkuta yeye."

Basi mwezi Julai wakaja watu wa kamera mpaka kwa bibi, mtaa wa La Perouse. Jina la bibi sitalitaja. Kwetu, wenyeji wa asili wa nchi hii, aliyetutoka jina lake hupumzishwa mpaka jamaa zake waseme, na mimi si mtu wa kujitia kiherehere. Alivaa sweta la kijani lenye vifungo vikubwa, akakaa kibarazani, na alipoulizwa swali la kwanza hakusubiri la pili.

"Mimi nilikuwa mtoto wa kukaa juu ya mwamba," alisema. "Upepo wa kwanza wa baridi ukivuma kutoka magharibi, mikizi wanatoka mtoni. Ukiona maji yamekuwa meusi unapunga kitambaa, wanaume wanakimbia na nyavu. Tulikuwa nyumba kumi na moja. Siku moja wakaja mabwana watatu na ramani. Watu wema kabisa, mmoja alinipa peremende. Wakasema mahali hapa pazuri mno, lazima palindwe. Hakuna aliyetuuliza palindwe na nani. Baada ya wiki mbili nyumba zote zilikuwa chini."

Palipoletwa fomu ya ruhusa, kulikuwa na visanduku viwili: nikifariki, picha na sauti yangu zitumike, au zisitumike. Bibi hakuweka alama popote. Aliandika chini yake kwa penseli, kwa mwandiko wa shule ya zamani: Muulizeni Tahnee.

Mwisho wa Agosti bibi akafariki.

Nyumba ya Shangazi Noelene, binti mkubwa wa marehemu, ilijaa watu, sufuria na magodoro. Tahnee alipika, akaosha vyombo, akalia bafuni bomba likiwa wazi. Siku ya mazishi alimwona Ramzi kwa mbali, amesimama karibu na geti akiwa na suti nyeusi. Alipomtafuta wakati wa chai, hakuwepo. Jioni yake ukaingia ujumbe: "Pole sana, mpenzi. Sitaki kukusumbua."

Baada ya hapo, kimya. Wiki ya kwanza Tahnee alisema atakuja. Wiki ya pili akasema labda kazi zimembana. Wiki ya tatu akawa anafika mwisho wa njia, anakaa dakika zake nane akiitazama simu, halafu anaondoa tramu. Alikuwa amempoteza bibi, na sasa ilionekana anampoteza na huyu, bila hata kuambiwa kosa lake.

Oktoba ikaja kadi ya mwaliko: familia inakaribishwa kutazama kipindi cha tatu kabla hakijarushwa. Tahnee alivaa gauni refu jeusi, juu yake sweta la bibi la kijani. Lilikuwa bado na harufu ya sabuni yake. Akaenda na Shangazi Noelene, ambaye alipaka rangi ya mdomo ndani ya gari akisema, "Kama nitalia, nilie nimependeza."

Hawakupata nafasi ya kulia. Ghuba ilitokea, imejaa jua la asubuhi. Ndege wawili walitembea juu ya mchanga. Sauti nzito ya msimulizi ikasema kwamba mahali hapa palikuwa patupu, pametulia, pakingoja mtu wa kupalinda. Kisha filamu ikahamia milimani. Bibi hakuwemo, wala mwamba wake, wala zile nyumba kumi na moja.

Tahnee alitoka kabla taa hazijawaka. Ramzi alimkuta kwenye ngazi za nje, katikati ya watu waliokuwa wakipita kwenda zao.

"Tahnee, nisikilize."

"Nimesikiliza. Pametulia, pakingoja."

"Kuna mwongozo wa kazi. Unasema mtu wa jamii zenu akifariki, sauti na sura yake vinaondolewa. Kwa heshima ya familia. Nilidhani ndivyo mnavyotaka."

"Nani amekwambia?"

"Mwongozo."

"Na fomu je?"

Ramzi alisogea kumpisha mtu aliyekuwa akishuka. Miwani ilikuwa juu ya nywele zake kama siku ile ya sokoni, na Tahnee alichukia kwamba bado aliiona inapendeza.

"Fomu niliisoma," alisema hatimaye. "Lakini kipindi kilitakiwa kufungwa Ijumaa. Ulikuwa matangani. Ningekupigia nikuulize habari za filamu?"

"Ndiyo."

"Mwongozo unasema msisumbuliwe..."

"Ndiyo, Ramzi. Ungenipigia. Ungekuja, ungekaa jikoni, ungemenya viazi. Wiki tatu nimekaa na simu mkononi mimi. Nikadhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Kila siku nilikuwa nashika simu naiweka chini. Niliogopa kukukosea."

"Basi umenikosea kwa adabu," alisema Tahnee. "Bibi yangu alisimulia mabwana watatu wema waliomtoa kwao bila kumuuliza. Wewe wa nne."

Akashuka ngazi. Shangazi Noelene alimpita Ramzi bila kumtazama, jambo ambalo kwa Shangazi Noelene ni zaidi ya matusi.

Kesho yake Ramzi alipiga simu mara kumi na moja. Keshokutwa yake alisimama kituoni akiwa na ua moja lililonyauka, na Tahnee akafunga milango ya tramu kwa wakati, kama ratiba inavyotaka. Alijiona ameshinda. Alipofika mwisho wa njia alilia dakika saba, ya nane akajifuta uso.

Alhamisi Shangazi Noelene alimkuta jikoni akisugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

"Endelea kununa," alisema shangazi. "Jumapili watu nchi nzima wanaambiwa ghuba ilikuwa tupu. Hasira za mkizi, tijara kwa mvuvi. Wewe umenuna, wao wamepona."

"Shangazi, yeye ndiye alitakiwa kuuliza."

"Alitakiwa. Hakuuliza, mjinga yule. Sasa mama aliandika jina la nani pale, la kijana au lako? Alikuandika ujibu, hakukuandika usubiri."

Tahnee aliweka sufuria chini, akachukua simu.

"Ramzi. Kesho saa nne asubuhi, kwa Shangazi Noelene. Njoo uulize."

Alikuja saa nne kasoro kumi, amebeba mtungi uliofungwa kwa plastiki tabaka tatu ambao mama yake alimlazimisha kuuleta. Mashangazi watatu walikuwa wamepangana kwenye kochi. Ramzi akasimama mbele yao, mikono haijui iende wapi.

"Nimekuja kuuliza nilichopaswa kuuliza wiki sita zilizopita," alisema. "Bibi yenu abaki kwenye filamu, au apumzike?"

"Bibi yake," alisahihisha shangazi mmoja. "Kwetu ni mama. Endelea."

"Ni hilo tu. Nina mpaka kesho jioni."

Wote wakamgeukia Tahnee. Alikuwa amekasirika siku ngapi kwa kutoulizwa, na sasa ameulizwa, akagundua jibu hana. Alitaka kumwona bibi, lile sweta, ule mkono uliokuwa ukipunga kitambaa kisichokuwepo alipokuwa akisimulia. Alitaka nchi nzima imwone. Lakini alipomtazama Shangazi Noelene aliona kidevu kinamtetemeka, akajua kwamba huyu mwanamke mwenye ulimi wa wembe hawezi bado kuuona uso wa mama yake.

"Sauti ibaki," alisema Tahnee polepole. "Uso usionekane. Na jina msiandike. Weka ghuba. Weka mwamba, kama mnayo picha yake."

"Ipo."

"Na lile neno 'patupu'?"

"Nalitoa."

Shangazi Noelene akajipangusa macho. "Rudia alichosema, tujue umesikia."

Ramzi akarudia, neno kwa neno. Kisha akaondoka bila kuomba chai, na Tahnee hakumsindikiza.

Jumapili, saa moja na nusu jioni, sebule ya Shangazi Noelene haikuwa na pa kukanyaga. Ghuba ikatokea. Ndege wale wawili. Halafu mwamba, mtupu, na maji yakipiga chini yake, na sauti ya bibi ikaingia chumbani kana kwamba yuko jikoni anaongea na mtu. Hakuna aliyejikohoza. Upepo wa kwanza wa baridi ukivuma kutoka magharibi, alisema. Nyumba kumi na moja, alisema. Alipofika kwenye peremende, shangazi mmoja alicheka na kulia kwa pamoja. Msimulizi alinyamaza mpaka bibi alipomaliza, na hata alipomaliza walimwachia mawimbi kidogo.

"Amekata vizuri," alisema Shangazi Noelene baadaye.

Tahnee alitoka kibarazani kuvuta hewa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gari, na ndani yake mtu amekaa wima, mikono kwenye usukani. Akavuka.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa kumi na mbili."

"Mbona hukuingia?"

"Sikualikwa."

Tahnee aliegemea mlango wa gari. Hakujua acheke au amzabe kofi. "Ramzi, kuna mambo ya kuuliza, na kuna mambo ya kuingia tu. Utajifunza lini?"

"Nifundishe. Nina nafasi sasa. Mtayarishaji aliniambia nikifungua kipindi kilichofungwa, msimu wa pili atatafuta mhariri mwingine."

"Na ukafungua."

"Ulikuwa umeshanijibu."

Tahnee alivuta mikono ya sweta la bibi mpaka ikamfunika vidole. Hasira haikuwa imeisha yote. Zile wiki tatu zilikuwa bado ndani yake, na alijua zitakaa kitambo. Lakini alimpenda, na alikuwa amechoka kujifanya hampendi.

"Nina swali jingine," alisema Ramzi, sauti chini. "Kubwa. Sijui nimuulize nani, wewe au mashangazi."

"Mimi. Ila si leo. Bado namlilia bibi, na wewe bado sijakusamehe vizuri." Akaufungua mlango wa gari. "Niulize mikizi wakirudi."

Ramzi aliteremka, akamfuata kuvuka barabara, akavua viatu mlangoni, na kwa mara ya kwanza akaingia bila kungoja mtu. Hakumuuliza mikizi hurudi lini. Bibi alishamwambia.