Ngoro ya Mwezi wa Saba

Kila asubuhi Gertruda aliipaka grisi mashine ya mkono ya kumenya kahawa, mali ya wajane tisa wa Litembo. Siku hiyo ya Julai 1996 alifungua kibanda, kopo la grisi mkononi, akakuta boliti nne sakafuni. Mashine haikuwepo.

Inspekta Tumpe alifika kutoka Mbinga saa nne. Magunia sita ya kahawa mbivu yalikuwa nje. Isipomenywa siku hiyo, ingechacha.

"Kufuli ni zima. Nani ana ufunguo?"

"Mimi, na shemeji yangu Hyasinti. Anatulindia kibanda."

Hyasinti alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Kwani nani atanunua kahawa ya hawa? Wana ugonjwa ule uliomuua kaka."

Wajane wakainamisha macho.

"Sikukuuliza hilo," alisema Inspekta. Kisha akaonyesha ng'ambo ya bonde, kwenye udongo mbichi. "Kule wanapanda nini?"

Gertruda akacheka. "Afande, wewe mgeni kweli! Ile ni ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Wanaume hulaza majani, sisi wanawake tunayafukia kwa jembe. Lakini huchimbwa mwezi wa tatu, mvua zingalipo. Nani anachimba ngoro kiangazi? Tena tazama ilivyopinda. Hilo jembe kalishika mwanamume."

"Shamba la nani?"

Wote wakamgeukia Hyasinti.

Ottilia, mmoja wa wajane, ndiye aliyechimba. Pigo la tatu, jembe likalia juu ya chuma. Vigelegele vikapanda mlima mzima.

"Nilikuwa naihifadhi," alisema Hyasinti, pingu zikimbana.

"Chini ya udongo?"



Saa kumi mashine ilikuwa inazunguka, maganda mekundu yakiruka. Hyasinti alipopitishwa hapo kuelekea kwenye gari, alisimama.

"Kaka alipokufa nilitaka kukurithi, ukakataa. Nikasema njaa itakuleta. Ikaja mashine hii." Akautazama mpini mkononi mwa Gertruda. "Nilitaka ushikwe na njaa, Gertruda. Uje uniombe."

Inspekta aliandika. Gertruda hakuuachia mpini.

"Ugonjwa ule una jina," alisema, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Unaitwa UKIMWI. Ulimuua mume wangu, na mimi ninao. Lakini njaa, Hyasinti, sina."