Maji Niliyompa Gélase Akayamwaga

"Huyu mama anataka kutuua!"

Gélase alipiga kelele, kisha akayamwaga maji yangu chini... mbele ya uwanja mzima!

Jamani wasomaji wangu! Mimi Mama Seifu, niliyebeba bidoni ya maji ya timu yetu ya basketi ya mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, miaka tisa, leo naitwa muuaji!

Ilikuwa Januari 1998, saa kumi alasiri, mapumziko ya mechi. Tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Tukifungwa siku ile tunashuka daraja, na rais wa timu alishasema ataivunja. Na vita vya Burundi vilikuwa vinawataka vijana. Kijana asiye na pa kwenda jioni, wenye bunduki walimpa pa kwenda. Mwanangu Seifu alikuwa na miaka kumi na tisa.

Lakini mkasa ulianza wiki mbili nyuma.

Vijana wetu wa basketi walikuwa wafupi, ila mbio! Seifu alikuwa anatoa pasi bila kuangalia, maana alijua mwenzake yuko wapi. Rais akaona tunakosa urefu. Akaleta wawili kwa mpigo kutoka mtaa wa Kanyosha, Gélase na Bonfils. Ukiwatazama usoni, kitambaa cha kichwa kinadondoka! Walikuwa wamekimbia vita huko Rutana, na mpira walijifunza shuleni kwa mapadri.

Tatizo, wote wawili wanacheza chini ya kikapu. Wakawa wanakanyagana wenyewe kwa wenyewe, na wetu hawana pa kupita.

Na kulikuwa na jingine. Siku ya kwanza niliwachotea maji kwenye kikombe cha bati. Wakatazamana.

"Apana, asante mama."

Kesho yake wakaja na chupa yao.

Khaled, ambaye Gélase alimchukulia nafasi, akapata la kusema.

"Mumeona? Wanatuona sisi wachafu!"

"Basi na mpira wetu wasiuguse," akajibu Seifu wangu.

Tangu hapo pasi zikakatika. Gélase anainua mkono, hakuna anayemwona!

Siku ya mechi wakasahau chupa yao. Nikaona midomo ya Gélase imekauka, nikamchotea... ndiyo hayo akayamwaga.

Seifu akamkamata fulana.

"We! Unamutukana mama yangu?"

"Niache! Kwetu mutu akikupa kinywaji, anaonja yeye kwanza. Huyu haonji! Na anatupa sisi tu. We unakunywa? Khaled anakunywa? Hata kocha hagusi! Kwa nini hii maji ni ya sisi wawili tu?"



Kocha Melchior akajishika kichwa.

"Yesu wangu! Kumbe hakuna mutu aliwaambia?"

"Kutuambia nini?"

Nikatua bidoni, nikamjibu mimi.

"Mwanangu... ni Ramadhani. Tumefunga."

Ndiyo, wapendwa! Maji yale nilikuwa nayabeba kwa ajili yao wawili tu, wasiofunga. Melchior ni Mkristo, lakini hakunywa mbele ya wenzake kwa heshima. Na wale wawili hawakuwahi kuishi na Waislamu. Vita vimewafundisha kuogopa kikombe cha mtu wasiyemjua, na sisi tumenuna wiki mbili nzima bila hata kuwauliza!

Gélase alinitazama. Bado ana wasiwasi. Filimbi inalia, wanaitwa uwanjani...

Nikachota kikombe kingine.

"Bismillahi."

Nikanywa!

"Mama! Funga yako!" Seifu akapiga ukelele.

"Nitailipa. Mungu ananijua."

Nikampa Gélase nusu iliyobaki. Akainywa mpaka tone la mwisho, machozi yanamlengalenga.

Kipindi cha pili Melchior alimketisha Bonfils. Akamwacha Gélase peke yake chini ya kikapu, na wanne wenye mbio wakimzunguka. Njia zikafunguka! Tukawasogelea pole pole, pointi nane, tano, tatu... Sekunde za mwisho tuko nyuma kwa moja. Seifu akarusha bila kuangalia...

Mkono wa Gélase ulikuwa pale pale. Ndani!

Timu ikabaki, na mwanangu akabaki nayo. Bonfils hakupenda benchi, akahama kabla ya Pasaka. Si kila kitu kilikaa sawa.

Lakini shikeni hili. Ukileta mtu mpya kwenu, usimpime urefu tu. Mweleze nyumba yenu inaishije, na ya kwao umuulize.

Baada ya Idi nikamwambia Seifu kesho nailipa ile siku. Asubuhi nafungua mlango... nani kasimama? Gélase, hajatia kitu mdomoni!

"Leo tunafunga wote, mama. Ile siku ni ya sisi wawili."

Mpaka saa sita mchana alikuwa ameshaniuliza mara nne jua la Buyenzi linazama saa ngapi!